Mdomo Haukutulia

Dunda, Bagamoyo
11 Juni 1934

Shoga yangu Mardhiya,

Salamu nyingi, na baada ya salamu, pole zako nimezipokea, Mungu akulipe kheri. Marehemu mume wangu amezikwa vizuri, watu walijaa mpaka njiani. Mimi nimo ndani ya eda. Mpaka itimie miezi minne na siku kumi sitoki hata kwa jirani kuomba moto, na ndugu za marehemu hawabanduki barazani, wananilinda kama mbuzi wa kafara.

Sasa sikiliza yaliyonifika. Juzi imeingia barua ya shemeji yangu Mwinyijuma. Anasema Kibibi wangu kachumbiwa, na harusi ni mwezi huu wa mfungo sita unaoingia. Mwanamume ni Bwana Mrisho wa Bweni, yule mwenye minazi ng'ambo ya mto. Ameniandikia kunipa habari, si kuniuliza. Na ataniulizaje? Tangu baba yake Kibibi afariki, mtoto kalelewa na huyu ba'mkubwa wake huko Pangani. Walii, mwenye haki ya kumwoza, ni yeye. Mimi nilikuja kuolewa Bagamoyo nikamwacha, na asiyekuwapo na lake halipo.

Shoga, nina mtoto mmoja tu, naye ataolewa nami nimefungwa humu. Kila mwaka nilimwahidi nitamleta aje akae nami, kila mwaka nikasema mwakani. Inaniuma, sikufichi.

Nakuomba kitu. Marehemu mumeo Mwinshehe alikuachia kamera, na habari zako tunazo, kwamba wewe ndiye unayeingia ndani kwa wanawake kuwapiga picha, wanaume wakabaki nje wanatazama mlango. Nenda ukanipigie Kibibi siku hiyo katika nyumba yao ya mtoni, akae pale walipokaa mabibi harusi wote wa ukoo ule. Nataka uso wake. Usinipigie mazulia.

Na unitazamie kama ameridhika. Wewe una macho. Uniandikie kweli, nami nitalala.

Ni mimi mwenzio,
Tatu


Pangani
20 Juni 1934

Bi Tatu wa Dunda, mwenye kutoa amri hata edani,

Barua yako imenikuta mikono imejaa dawa za picha, nikaifungua kwa meno. Nimeikubali kazi yako hata kabla hujaniomba. Unadhani harusi ya nyumba ile ningeachiwa nikae nyumbani nachambua mchele? Wangenijia wenyewe.

Nyumba umeiacha zamani, ngoja nikupe habari zake. Chokaa imebanduka upande wa mto, darini mna popo, na ngazi ya tatu ukiikanyaga inalia. Lakini bado ina kiburi chake. Babu wa babu yao alipoijenga, pembe za ndovu zilikuwa zikiteremshwa mlangoni pake, na mpaka leo ukisimama kwenye baraza ya juu mto wote ni wako, na kivuko kinakwenda Bweni na kurudi chini ya miguu yako. Mwinyijuma ameipiga chokaa mpya kwa ajili ya watu wa Mrisho. Mimi nimekwenda kuitazamia nuru tu. Asubuhi jua likipiga maji, nuru hupanda mpaka darini ikacheza, ukumbi wote ukawa mweupe. Hapo ndipo nitakapomkalisha. Mwinshehe angekuwa hai angenionea wivu.

Kibibi nimemwona. Wamemweka ndani, wanamsugua singo kutwa, na paji la uso ni lako, hukulificha. Kimya. Nikimwuliza habari anajibu njema. Somo wake, yule anayemfunda, anamsifu, anasema tangu awekwe ndani hajainua macho kumtazama mtu, na usiku hulia chini chini. Basi nami nikasema, mwari gani asiyelia? Wewe ulilia mpaka kungwi wako akatishia kukufinya, umesahau? Kwa hiyo jibu lako ni hilo: ameridhika, kama wanavyoridhika watoto wenye adabu.

Aliniuliza neno moja tu, kama unakuja. Nikamweleza habari ya eda. Akainamisha kichwa.

Lala shoga.
Mardhiya


Dunda, Bagamoyo
27 Juni 1934

Mardhiya,

Mungu akuweke. Usiku ule nililala kweli, mara ya kwanza tangu msiba.

Sasa nina salamu ya kumpa, na nataka uifikishe kwa kinywa chako, isipitie kwa somo wala kwa mtu. Mwambie mama yako anasema hivi. Shehe atakapokuja na mashahidi wawili kukuuliza kama umeridhia, usijibu. Inamisha uso, nyamaza. Akiuliza tena nyamaza, na mara ya tatu nyamaza. Kimya cha mwari ndiyo idhini yake, sheria imemsitiri asihitaji kusema. Machozi yakitoka yaache yatoke, ni pambo. Shoga, unamkumbuka yule binti wa Kaole aliyeulizwa akajibu 'ndiyo' kwa sauti, hata shehe hajamaliza? Mpaka leo ana wajukuu na watu wanamwita Bi Ndiyo.

Nakwambia haya kwa sababu nawajua watu wa Pangani. Watasema mama yake alikwenda kuolewa akamwacha, nani kamfunza? Mimi sipo pale kujitetea. Adabu yake ndiyo itakayonisemea. Mwambie asinitie aibu, namwomba kwa maziwa niliyomnyonyesha.

Tatu


Pangani
9 Julai 1934

Shoga yangu,

Harusi imekwisha, na ndani ya bahasha hii umo uso wa mwanao. Ifungue taratibu, nimeifunga kwa kadi isikunjike.

Salamu yako niliifikisha, neno kwa neno. Na aliitimiza, ungekuwapo ungetembea umeinua shingo. Shehe alikuja baada ya alasiri, akasimama nyuma ya pazia na mashahidi wake, akauliza. Kimya. Akauliza tena, kimya. Mara ya tatu tulisikia kwikwi ya kilio basi, na somo akatoka akasema mtoto kanyamaza. Wazee wote wakasema alhamdulillahi, huyu amelelewa. Mama mmoja wa Bweni akauliza mama yake ni nani, wakamwambia ni Bi Tatu wa Bagamoyo. Vigelegele vikafika kivukoni.

Picha nilipiga asubuhi ya siku hiyo hiyo. Hapo nina malalamiko. Nilikuwa nimekwisha panga kiti barazani, nuru imekaa kama nilivyoitaka, Mwinyijuma akatuma neno kwamba watu wa kivukoni wakiinua macho watamwona bibi harusi. Basi zikaletwa shuka, wakaziangika baraza nzima toka nguzo hii mpaka ile, ukumbi ukawa giza kama stoo ya nazi. Kamera yangu ni ya zamani, unaijua, unavua kifuniko cha jicho lake unahesabu, na giza likizidi na hesabu inazidi. Aliyekaa mbele yake lazima awe kama kinyago. Vioo viwili vya kwanza vya picha nimevitupa. Hiki ni cha tatu. Macho yametoka vizuri, na uzi wa hariri kwenye ukaya wa kichwani unaweza kuuhesabu, ila mdomoni pana ukungu kidogo. Watoto wa siku hizi hawajui kutulia. Nilijaribu kuutengeneza kwa penseli nikaona naharibu, nikauacha. Nisamehe.

Wamo katika fungate sasa. Ikimalizika atavuka Bweni kwa mumewe.

Wako,
Mardhiya


Dunda, Bagamoyo
19 Julai 1934

Mardhiya,

Picha imefika. Wanawake waliokuwa wamekuja kunihani waliipokezana, wakasema mashaallah, wakasema mama mtupu. Nami nikafurahi mbele yao.

Walipoondoka nikaitazama peke yangu. Niliitazama jana, na leo tangu alfajiri. Nitakwambia ninachokiona, na wewe unijibu.

Kibibi anajua kutulia. Alipokuwa na miaka sita alikanyaga mwiba wa samaki ukakatikia ndani, nikauchimbua kwa sindano, na mtoto yule hakutikisa hata kidole. Katika picha hii vidole vyake vyote kumi ninaviona, kucha na hina. Mabega yametulia. Shingo imetulia. Kope moja moja ninaziona. Mtoto aliyeweza kuutuliza mwili mzima namna hiyo ameshindwa na mdomo tu? Na vioo vile viwili ulivyotupa, vilikuwa na nini? Navyo ni mdomo?

Alikuwa anasema. Mbele yake ulikuwapo wewe.

Alisema nini? Usinifiche kwa kuwa nina eda. Nimezuiwa kutoka, sikuzuiwa kusikia.

Tatu


Pangani
28 Julai 1934

Tatu,

Leo sina mzaha.

Kila nilipovua kifuniko alisema maneno yale yale. Alisema chini chini, bila kugeuza kichwa, kwa kuwa nyuma yangu walikaa wanawake wa upande wa Mrisho. Alisema, "Mwambie mama simtaki. Mwambie mama aje anichukue."

Nami nikamjibu, "Tulia mwanangu, unaniharibia picha."

Ndivyo nilivyosema, mara zote tatu. Nilikuwa nimeshika kifuniko mkononi, nahesabu, naogopa kioo cha mwisho kisiharibike. Nikajiambia ni woga wa mwari, utapita, sote tuliogopa. Ilikuwa asubuhi, Tatu. Shehe alikuja baada ya alasiri. Nafasi ilikuwapo tele ya kumwendea Mwinyijuma, au kumwendea shehe mwenyewe, na mimi nilikaa nikala pilau.

Kuna na jingine. Nilipompa salamu yako ile siku ya hina aliniuliza, "Mama amesema ninyamaze?" Nikasema ndiyo, kwa maziwa aliyokunyonyesha. Akaniangalia usoni. Kisha akasema basi. Asubuhi iliyofuata ndipo alipojaribu kwangu, na mimi nilipokataa kumsikia alifanya kama ulivyomwagiza.

Sikukuandikia kwa kuwa ningekuongezea msiba juu ya msiba. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Kweli ni kwamba niliona haya.

Mwanao yuko Bweni. Mumewe hasemwi vibaya na mtu. Nimekwenda mara mbili, nimeambiwa kalala.

Mardhiya


Pangani
17 Agosti 1934

Kwa Shemeji Bi Tatu,
Assalaam alaikum.

Barua yako yenye maneno makali nimeipokea. Nakusamehe kwa kuwa una msiba.

Unasema mtoto hakuridhia. Shemeji, mimi si baba yake, na sheria hainiruhusu kumwoza bila idhini yake. Nalijua hilo, ndiyo sababu nikamwita shehe na mashahidi wakamwuliza mbele ya watu. Hakukataa. Angetikisa kichwa tu ningesimamisha harusi, ingawa ng'ombe walikuwa wamekwisha chinjwa. Tena tumeambiwa na Bi Mardhiya kwamba mafunzo yale ya kunyamaza yalitoka kwako, na siku ile tulikushukuru hadharani. Sasa wataka nimrudie Mrisho nimwambie kimya kile kilikuwa na maana nyingine?

Mrisho ni mtu mzima, mcha Mungu. Hampigi, hamtukani, hamnyimi. Mtoto anakula na kuvaa. Anayo desturi ya kukaa kimya, lakini hiyo si kasoro kwa mke.

Ukimaliza eda, karibu Pangani utembee. Ikiwa hukuridhika na maneno yangu, kadhi yupo.

Wasalaam,
Mwinyijuma


Dunda, Bagamoyo
14 Oktoba 1934

Mwanangu Kibibi,

Barua hii anakuletea Bi Mardhiya mkononi, uisome akiwapo na umrudishie.

Eda imekwisha. Nimetoka, nimeoga, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda kumwandikisha mtu barua kwa kadhi wa Pangani, ya kwako nikaiandika mwenyewe. Kadhi amejibu. Anasema ikiwa msichana aliozwa na ba'mkubwa wake bila ridhaa, basi ndoa ile haikuwa ndoa, na yeye yuko tayari kukusikiliza. Atakuita umweleze nyuma ya pazia. Bi Mardhiya atakuwapo, ataapa juu ya yale uliyomwambia asubuhi ile. Lakini ushahidi wake peke yake hautoshi. Lazima useme wewe. Neno ni moja: sikuridhia.

Mwanangu, nitakwambia na hili, ulijue kutoka kwangu. Ile barua ya Bi Mardhiya iliponifika Julai, nilimwuliza shehe wetu kama mwenye eda anaweza kusafiri kwa dharura. Alisema anaweza. Nilikuwa nimekwisha funga furushi la nguo. Wifi zangu wakasimama mlangoni wakauliza mjane gani huyu anayepanda lori mumewe hajakauka kaburini, na mimi nikalifungua furushi. Sikuzuiwa na dini. Niliogopa kusemwa. Ni hofu ile ile iliyonifanya nikwambie unyamaze.

Nilikuagiza vibaya. Adabu niliyoitaka ilikuwa yangu, si yako. Usiinamishe uso. Sema hata kama sauti itakauka, sema hata kama ba'mkubwa wako atakohoa nje ya pazia. Mimi nitaondoka hapa katikati ya mwezi ujao nije nikuchukue, na watu wa Dunda waseme mpaka wachoke.

Nakungoja.
Mama yako,
Tatu


Bweni, Pangani
5 Novemba 1934

Mama, shikamoo.

Natumai barua hii itakukuta hujapanda lori. Nimempa mtu anayekuja huko leo hii.

Barua yako niliisoma mbele ya Bi Mardhiya, nikamwomba aniachie niisome tena, ndipo nikamrudishia. Nilikuwa nakuja, mama. Nataka ujue hivyo. Nilikuwa nimekwisha jua nitavaa nini kwenye lori.

Mimi ni mjamzito. Ni mwezi wa tatu, unaingia wa nne. Mwanzo sikumwambia Bi Mardhiya kwa kuwa nilitaka nikwambie wewe kwanza, uso kwa uso.

Habari za kadhi zilipovuka mto, wanawake wa nyumba hii walinijia chumbani. Hawakunigombeza. Mama mkwe alikaa kitandani akanishika mkono akaniuliza, "Ukisema hukuridhia, basi ndoa haikuwapo. Na kama ndoa haikuwapo, huyo aliye tumboni ataitwa nani?" Nikamtuma mtu kwa somo wangu, akajibu kwamba hajui, pengine mtoto ataitwa wa haramu na pengine hataitwa. Nikamwuliza Bi Mardhiya, akasema hapana, haiwezekani, lakini nilimwona naye hana hakika. Wa kuniambia alikuwa kadhi peke yake. Na mimi sikuweza kumwuliza kadhi bila kwanza kusema kwamba sikuridhia.

Aliniita Jumatatu iliyopita. Mtu mpole, mzee, sauti yake kama anazungumza na mgonjwa. Aliwaamuru wanaume wote watoke, hata ba'mkubwa. Akaniuliza kama niliolewa kwa ridhaa yangu.

Nikasema, "Niliridhia."

Nilisema kwa sauti, uso nimeuinua. Akaniuliza mara ya pili, akaniambia nisimwogope mtu. Nikarudia. Bi Mardhiya akapiga kelele akasema mtoto anadanganya, wallahi anadanganya, na kadhi akamwuliza kama anataka kusema anaujua moyo wa mtoto kuliko mwenyewe. Akaandika, akapiga muhuri. Jioni ba'mkubwa alituletea halua.

Usimlaumu Bi Mardhiya. Na wewe usijilaumu kupita kiasi, mama, kwa sababu siku ile ya shehe uliniambia ninyamaze, lakini Jumatatu uliniambia niseme, na mdomo ulikuwa wangu.

Bwana Mrisho anasema unaweza kuja kukaa nami siku za kujifungua. Nakuomba usije. Hapa nimezoea, kula nala, na usiku nalala. Nikikuona mlangoni nitakwambia kweli, siwezi kujizuia kwako. Na kweli hiyo sasa ikitoka itamwangukia mtoto.

Ni mimi mwanao,
Kibibi